Mtunzi wa Nyimbo na Kompyuta Yake



Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, kwa bomba lipitalo chini ya bahari hadi bara, na huko Ubungo ikazalisha umeme. Hivyo mtunzi wa kwaya aketipo usiku nyumbani mbele ya kompyuta, yamkini hutumia nguvu iliyotoka kisiwani humo.

Watunzi wengi wa namna hiyo hawakusomea muziki. Walijifunza solfa ubaoni, kwayani. Zamani mtunzi alingoja siku ya mazoezi ndipo asikie kama besi na tena zinapatana. Sasa huandika sauti zote nne katika programu kama MuseScore, ambayo hupatikana bure, akazisikia papo hapo. Si neema ndogo hiyo.

Lakini kompyuta haipumui. Huimba beti nne bila kutweta. Wala haijui Kiswahili, lugha ikazayo silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiweka pigo zito juu ya "-zi" katika neno "Mwokozi", mashine hupiga tu, kana kwamba hapana kosa. Kosa lenyewe ni la kale: tenzi kadhaa zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani zililazimisha maneno kufuata tuni, na washarika wakazoea.

Kwa hiyo mtunzi mwangalifu huizima kompyuta, akauimba wimbo mwenyewe, sauti moja moja, kabla hajawagawia wanakwaya karatasi.