Kijana Aliyeomba Kamera
(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumzie vijana na ajira, ila nitazungumzia ombi moja tu. Kijana mmoja aliyehitimu useremala katika mradi wetu alileta fomu ya mkopo. Wenzake waliomba randa na misumeno. Yeye aliomba kamera. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, tena nikaandika pembeni ya fomu: "Hii ni starehe."

Nilikosea. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko akaanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Oktoba 1984 picha alizopiga za njaa ya Korem, Ethiopia, zilionyeshwa na BBC, na dunia ikashtuka. Pengine baadhi yenu wafadhili mlianza kutoa wakati ule. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwaka 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Comoro.

Ugali wake ulitoka kwenye habari. Lakini alilipenda Ziwa Turkana, akalizunguka, na mwaka 1981 kikatoka kitabu chake cha picha, Cradle of Mankind.

Kwetu Ufipa ugali huo utatoka wapi? Picha za paspoti hazitoshi tena. Kila mwenye simu anapiga. Zimebaki harusi, kipaimara na mahafali. Na harusi zetu zinafuata mahindi. Mavuno yakishauzwa, mpiga picha hapumziki. Januari, mvua ikinyesha na ghala likiwa tupu, hakuna anayemwita. Marejesho ya kila mwezi yatamshinda. Tumdai baada ya mavuno. Na randa yake asiiuze.

Nilimwita nikamwuliza, "Ukiipata utapiga nini?" Akanijibu, "Malungu, mzee." Yale matanuru marefu ya udongo ambamo babu zetu waliyeyushia chuma. Yaliyobaki yanamomonyoka kila masika. "Nani atanunua picha hizo?" Akasema, "Sijui. Ila nikichelewa hayatakuwepo."

Kisha akaitazama picha iliyoko ukutani ofisini kwangu. Niliipiga mimi, bonde la Rukwa, kwa ajili ya ripoti. Ni bibi mmoja mwenye nguo iliyochanika ya shambani. Siku ile bibi aliniomba nimsubiri abadilishe nguo. Sikumsubiri; gari lilikuwa linaunguruma, nami, niseme ukweli, niliona nguo ile itafaa zaidi kwa ripoti. Ripoti ilisifiwa. Kijana akaniuliza, "Bibi huyu anajua kwamba yuko hapa?"

Sikuwa na jibu. Nimeishusha picha ile, na safari ijayo ya bondeni nitampelekea, nimpige nyingine akiwa amevaa atakavyo.

Fomu ya kijana ninayo hapa. Maneno yangu ya pembeni nimeyafuta. Kamati ya mikopo inakaa alasiri hii. Naomba iisome upya.