Nguo ya Shemu na Yafethi



Mzee aliyeheshimika miaka yote sasa anavua nguo mbele ya wakwe, au anamshika binti yake vibaya akimwita kwa jina la mkewe. Watu hunong'ona: kumbe ndivyo alivyokuwa moyoni! Sivyo. Ugonjwa wa kusahau huharibu ubongo, na sehemu yake ya mbele ndiyo imzuiayo mtu. Pengine hata anavua kwa sababu ya joto tu, au anatafuta choo.

Msimkemee, wala msimcheke. Uondoeni mkono wake kwa upole, mwambieni, "Baba, mimi ni binti yako," kisha mpeni kitu cha kushika. Watoto wasiachwe naye peke yao. Badiliko likija ghafula, mpelekeni kwa daktari; huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo, au ni dawa anazokunywa.

Nuhu alipolala uchi hemani, Hamu alitoka kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walikwenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Sisi tunaomwogesha mgonjwa hatuna budi kutazama. Lakini kuzipeleka habari zake kisimani, hata kwenye kikundi cha maombi, hilo twaweza kuliacha.