Asiyeulizwa

Huku Lac Vert, Goma, parseli huuzwa kwa karatasi chache: mwuzaji, mnunuzi, mashahidi, na sahihi ya mkubwa wa avenyu. Lakini mwuzaji akiwa aliwahi kutibiwa Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili hapa mjini, hata kama amepata nafuu na kila siku anauza makaa yake kwenye barabara ya Sake, utasikia: huyu asitie kidole, aitwe kaka yake. Kaka anakuja, anatia sahihi, anahesabu pesa. Mwenye parseli amesimama pembeni juu ya mawe ya volkano, bei ya nyumba yake inatajwa, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuuza.

Hiyo ni dhuluma, na sheria yetu inaifungulia mlango. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, kifungu cha 215, inaorodhesha wasio na uwezo kisheria, miongoni mwao watoto, watu wazima waliozuiliwa na mahakama kwa ugonjwa wa akili, na wale inaowaita wenye akili dhaifu au waliodhoofishwa na uzee na maradhi, wakiwekewa msimamizi. Aliyezuiliwa huhesabiwa kama mtoto, hata akiwa na mvi. Mahakama angalau ina hakimu. Kwetu hukumu hutolewa na ukoo, sebuleni, na mhusika ametumwa maji.

Mama zetu wanaujua uchungu huo. Mpaka 2016, mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kabla ya kutia sahihi mkataba au kwenda mahakamani. Sheria ya 15 Julai 2016 ikaifuta ruhusa hiyo. Kumbe iliwezekana! Ila walio kwenye orodha ya kifungu cha 215 waliachwa palepale, ingawa Kongo ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tangu 30 Septemba 2015. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika mambo yote ya maisha, na serikali iwape msaada wa kuutumia.

Tulipata pia sheria ya kuwalinda wenye ulemavu, ya 3 Mei 2022. Lakini miaka miwili kamili baadaye, 3 Mei 2024, vita ikiendelea, mabomu yakaangukia kambi za wakimbizi za Lac Vert na Mugunga. Februari 2025 kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Kurudi kijijini Masisi au kubaki mjini, kulima au kuuza shamba: yote haya yaliamuliwa kwa haraka. Katika haraka ya namna hiyo, mwenye ugonjwa wa akili hupakiwa pamoja na magodoro.

Wapo wanaoniuliza: mtu akizidiwa kabisa, hajitambui, nani aamue? Swali ni la haki. Jibu lianze siku akiwa mzima. Siku hiyo amtaje anayemwamini, aseme anataka kupelekwa wapi, dawa ipi hapana, watoto wakae na nani, parseli iguswe au isiguswe. Akizidiwa, yale aliyoyasema ndiyo yafuatwe. Akitulia, mambo yanarudi mikononi mwake. Peru ilibadili sheria zake kwa njia hii 2018, Kolombia 2019. Hizo si nchi zisizojua vita wala umaskini.

Mkubwa wa avenyu hana haja ya kungoja Kinshasa ili amuulize mwenye mali kwanza, akiwa peke yake, kwa lugha anayoielewa, na kumpa siku mbili tatu za kufikiri akiziomba. Wabunge, kwa upande wao, wakifungue tena kifungu cha 215 kama walivyoifungua sheria hiyo kwa ajili ya mama zetu. Waandike kwamba msaidizi huchaguliwa na anayesaidiwa. Na msaidizi akimwibia, mhusika mwenyewe aweze kumwondoa, bila kungoja kikao cha ukoo.