Shina tusiliguse: maneno yetu kwa vijana wa Kimanga

Leo hatuzungumzii maandamano. Tunazungumzia programu, na tayari kuko wanaosema hayo ni mambo ya watu wa informatike. Hapana. Ni mambo ya mvua.

Wote tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka kwa njia yake, ukaua watu, ukabomoa nyumba. Njo maana tunataka ramani yetu ya taarifa: wapi mfereji umeziba, wapi maji imeanza kuingia ndani ya nyumba. Hatuanzii kwa sifuri. Kuko Ushahidi, programu iliyotengenezwa haraka haraka huko Kenya Januari 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi. Mwaka uleule ikatumika pia kwa vita ya hapa kwetu mashariki ya Kongo. Kode yake iko wazi: yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuigeuza.

Sasa shida iko kwa kuigeuza. Mmoja wetu anataka taarifa ziingie kwa SMS. Mwingine anataka namba ya simu ya mtoa taarifa ifichwe. Yote ni mazuri, na yote yanaweza kuvunja kitu. Kosa dogo tu kwa hiyo ya namba, na mama aliyesema "fulani amejenga juu ya mfereji" anajulikana na fulani mwenyewe. Nani atatutumia tena habari?

Kwa hiyo tunaomba kila badiliko la hatari lipate tawi lake. Chombo ni Git, kile Linus Torvalds alichoanzisha mwaka 2005 kwa kazi ya Linux. Shina ni ile kode watu wanayotumia leo. Tawi linaanzia pale shina limefika, kisha linaenda njia yake. Ukiharibu, unalitupa, na shina halijui kitu. Kazi ikikubalika, unaliunganisha na shina.

Wengine wanafikiri kufungua tawi ni kukopia dosie nzima, eti ordinatere yangu ya zamani itajaa. Kwa kawaida Git inaandika kifaili kidogo cha baiti 41 tu, kinachoonyesha badiliko la mwisho. Na jambo tunalolipenda zaidi sisi watu wa Uvira: historia yote iko ndani ya mashine yako. Unafungua tawi, unaandika, unarudi nyuma, bila kutumia hata mega moja. Mega unazihitaji siku ya kutuma. (Umeme, huo hatuwezi kuwaahidi.)

Lakini tusidanganyane: tawi linalinda kode, halilindi data. Ukijaribu tawi lako huku limeungwa kwa hifadhi ileile yenye taarifa za watu, ukikosea ukafuta, imefutika kweli. Kila tawi lijaribiwe kwa hifadhi ya pembeni, na majina na namba za kubuni. Hapo hatutamhurumia mtu, hata akiwa mwenye diplome kubwa kutupita.

Na tawi lisizeeke. Likikaa miezi mitatu peke yake, shina limekwisha kwenda mbali, mistari ileile imeguswa na watu wawili, siku ya kuunganisha inageuka palabre. Afadhali matawi madogo: la SMS peke yake, la namba peke yake. Halafu mtu asiunganishe kazi yake mwenyewe. Wawili ambao hawakuiandika waisome kwanza, na mmoja wao aijaribu kwa simu ya bei ya chini, kwa sababu njo hiyo mama wa soko anayo.

Tawi la SMS limekwisha funguliwa. La namba linangoja watu wawili. Mwenye ordinatere aje na flashi leo, tumkopie kode yote, afanyie kazi nyumbani.