Kompyuta Moja, Wanafunzi Wawili

Hotuba ya mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mbuji, katika mkutano wetu mkuu wa mwaka



Nilipokuwa nafundisha, nilipokea mwanafunzi asiyeona. Alijua nukta nundu, maandishi aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille mwaka 1824. Aliandika insha, nami mwalimu wake sikujua kuzisoma. Kazi zake zilikaa kabatini. Wenzake walipofanya kazi za vikundi, yeye alikaa pembeni akisikiliza. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Siku hizi njia ipo. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, alianza kutengeneza programu ya kompyuta iitwayo NVDA. Inasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini, na Kiswahili kimo. Ni ya bure, na ikishawekwa inafanya kazi hata pasipo intaneti. Asiyeona anaandika kwa kibodi ile ile ya wenzake na kusikia alichoandika, jirani yake anakiona na kuongezea, mwalimu anasahihisha. Nukta nundu ataendelea kujifunza, lakini sasa insha yake inasomwa na darasa zima.

Ndugu zangu, tunachangia kompyuta za shule yetu. Wapo watakaosema tutenge moja ya wenye ulemavu, iwe na chumba chake. Nawasihi, tusifanye hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma pamoja na wenzao. Programu hiyo iwekwe katika kila kompyuta. Kwa kuwa hainunuliwi, michango yetu ilipie hedifoni na mafunzo ya walimu. Kifaa kisicho na mwalimu anayekijua kitaishia kabatini, kama zile insha.

Sisi Wamatengo hili si geni kwetu. Katika ngolo, baba hufyeka na kulaza majani kwa miraba. Mama hufukua udongo na kuyafunika. Kazi ni mbili, shamba ni moja, na mvua haiuchukui udongo wa mlimani.

Watoto wasioona tunao majumbani, na tunawajua kwa majina. Karatasi za ahadi ziko mezani. Kila mmoja aandike anachoweza, kabla hajaondoka.