Karatasi inaweza kupotea, jina lisipotee

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Leo tumekuja kusema kosa letu, halafu tuseme namna ya kulirekebisha.

Munakumbuka sanduku la chuma la mu biro yetu ya Katuba. Usiku mmoja wa mvua liliibwa. Ndani mulikuwa bahasha za wanachama tisa: buku za koperative ya akiba, karatasi za hisa, hati za deni. Wengine mulikimbia nazo mupaka kambi za Kala na Mwange kule Zambia, mukarudi nazo salama. Mulituachia sisi juu mulituamini.

Asubuhi tulikwenda polisi. Afisa aliuliza: "Namba gani? Jina gani? Nani aliitoa, siku gani?" Kwa watu wawili tulijibu, juu walikuwa wameacha fotokopi. Kwa wale saba tulinyamaza. Wawili wale wamekwisha kupata karatasi mpya. Kati ya saba, kuna wanaotembea mpaka leo, biro hii na biro ile.

Hapo tulifahamu kwamba karatasi ni shahidi tu. Haki yenyewe iko mu rejista ya yule aliyeitoa. Kongo iliingia OHADA mwaka wa 2012, na sheria ya makampuni ya OHADA, iliyofanywa upya mwaka wa 2014, inataka kila hisa iandikwe katika akaunti kwa jina la mwenyewe. Inahama kutoka akaunti mpaka akaunti, haihami na mfuko wa mwizi. Sehemu za koperative nazo zinaandikwa kwa jina la mwanachama. Basi, rejista ikikujua vizuri, na wewe ukisema mapema, aliyeiba karatasi hajaiba mali.

Kule Marekani, tangu miaka ya 1970, benki na mawakala wa hisa wanalazimishwa kujiandikisha mu mpango wa karatasi za hisa zilizopotea ao kuibwa. Wakigundua wizi, wana siku moja ya kazi kutoa ripoti. Na mtu akiwaletea karatasi za thamani inayopita dola 10,000, kwa kawaida wanauliza kwanza kama haziko mu orodha ya zilizoibwa. Kwetu hakuna soko la hisa. Ripoti inaanzia kwa yule aliyetoa karatasi. Lakini ile siku moja, tujiwekee wenyewe.

Ikipotea, fanya hivi. Kwanza, siku ileile, mwandikie aliyeitoa, umuombe afunge malipo na uhamisho wowote. Baki na kopi yenye muhuri wake wa kupokea. Pili, nenda polisi ao komini, uombe hati ya kupotelewa. Kama imeibwa, sema imeibwa. Usione haya ukasema imepotea. Tatu, uliza kwa maandishi masharti ya kupewa nyingine. Mutu wa njiani anayekuahidia ataitafuta mbiombio, usimupe hata franka moja.

Shida inayotusumbua zaidi ni majina. Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo. Baba aliyekuwa Joseph mu karatasi moja, ana jina la babu yake mu nyingine. Kule kambini karani aliandika namna alivyosikia. Mama mmoja kati ya wale saba alituambia: "Mutoto yangu, bwana yangu alikuwa mutu mumoja, lakini mu makaratasi iko batu batatu." Buku ina jina moja, kadi ya uchaguzi lingine, karatasi ya HCR la tatu. Kazi ya kulinganisha majina ifanywe leo, wakati mashahidi wangali hai, si siku ya wizi.

Na simu ni vilevile. Kama laini yenye M-Pesa ao Airtel Money yako iliandikwa kwa jina la shemeji, siku itaibwa ni shemeji ndiye atakayesikilizwa.

Kuanzia sasa hatupokei tena karatasi zenyewe. Kila mwanachama ataandika nasi ukurasa mmoja: majina yake yote, aina ya karatasi, namba, tarehe, aliyeitoa, na mtu wa jamaa anayejua. Fotokopi zitakaa pahali pawili. Namba ya siri musimuambie mutu, hata sisi.

Wafadhili wetu, muliuliza kama tunataka sanduku lenye kufuli kubwa zaidi. Aksanti, lakini tunaomba mashine ya fotokopi, na pesa ya usafiri kwa wale ambao bado wanatembea. Wao hawakukosa, tuliokosa ni sisi, na hatutafunga mambo haya mupaka wa mwisho apate yake.

Jumamosi mulete karatasi zenu, tuandike, murudi nazo nyumbani.