Umejaribu Mwenyewe? Kijana, Swali Lake na Mtu Mzima Aliye Mbele Yake

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi mnaolea vijana gereji na kwenye vyerehani, wazazi: nimepewa dakika ishirini nizungumzie namna ya kuwahamasisha vijana wafikie uwezo wao. Naomba ruhusa ya kuliweka pembeni hilo neno kuhamasisha. Vijana wetu wamehamasishwa vya kutosha. Kila mahafali mgeni rasmi anawaambia wathubutu, kisha anapanda gari lake anaondoka. Jumatatu yake, aliyethubutu kuuliza swali anaambiwa akae chini asipoteze muda wa wenzake. Mimi nimekuja kuzungumzia hiyo Jumatatu.

Kisa nitakachokitumia ni cha hapahapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana wa pale walikuwa na mtindo wa kutengeneza aiskrimu: wananunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanachemsha, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Wenye maziwa wengi, friza ndogo. Siku moja Mpemba bado anachemsha, akamwona mwenzake anaiwahi nafasi na maziwa ambayo hata moto hayakuona. Akapiga hesabu: akingoja yapoe, amekosa. Akayaweka yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuharibu jokofu la watu. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado kama uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amejichanganya, jambo hilo haliwezekani.

Na akakubali! Yeye mwenyewe amesimulia kwamba wakati ule aliliamini jibu la mwalimu. Mwalimu kukosea si ajabu, sote tunakosea. Kinachonitisha ni huyu mtoto aliyeiona barafu kwa macho yake, kisha neno la mkubwa likaishinda barafu.

Aliyemrudishia swali lake hakuwa mwalimu. Alikuwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, aliyemwambia kwamba wao huiweka ya moto kwa sababu huwahi kuganda. Mafundi mliomo humu, jivuneni kidogo hapo.

Alipofika Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mwalimu. Safari hii jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaokota utani: akikosea hesabu, basi hiyo ni hesabu ya Mpemba. Alasiri moja akaikuta maabara ya biolojia iko wazi, hakuna mwalimu, akachukua bika mbili, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friza aone mwenyewe.

Ndipo shule ikatembelewa na Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu kule Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lake lile lile. Osborne akatabasamu, akamwomba alirudie. Akamuuliza: ni kweli, umejaribu mwenyewe? Kijana akasema ndiyo. Mhadhiri akakiri kwamba sababu haijui, ila akirudi Dar atalifanya jaribio. Kesho yake wenzake Mpemba wakamlaumu kwamba amewatia aibu mbele ya mgeni.

Sifa hazikuwapo katika mazungumzo yale. Osborne hakumwambia kijana kwamba ana akili nyingi wala kwamba atafika mbali. Alichompa ni ahadi, na akaitimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi alileta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyowahi kuganda, lakini wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mkicheka, chekeni na mimi, maana huyo fundi ni sisi. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education la Uingereza, majina mawili, la Mpemba likitangulia. Linganisheni na kwetu: leo ukienda gereji, kijana ndiye anayegundua ubovu wa gari, na mwenye gereji anamwambia mteja, "Nimeuona."

Sasa na mimi niseme langu. Nikiwa mwalimu kijana, mwanafunzi mmoja alinijia na betri za tochi. Kwao, zikiisha huanikwa juani na tochi inawaka tena, mwalimu, kwa nini? Nilikuwa nasahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa nikamwambia hizo ni imani za kijijini. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba joto huyachangamsha kidogo yale yanayotendeka ndani ya betri kuukuu, ikapata nguvu ya muda mfupi. Yule mtoto hakuniuliza tena kitu mpaka anamaliza shule. Alikuwa na adabu sana, na mimi nilidhani nimemlea vizuri.

Najua mtaniambia darasa lina wanafunzi themanini. Ni kweli, na silo jambo dogo. Mimi niliishia kuweka daftari moja dirishani, maswali yasiyojibika yakiandikwa humo kwa jina la mwenye swali, na kila mwezi tukichagua moja la kulijaribu pamoja. Mengi yalikuwa ya ovyo. Hata la Mpemba bado lina ubishi: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Lakini Osborne hakungoja kujua kama kijana yuko sahihi ndipo amheshimu.

Halafu wapo wanaosikitika kwamba Mpemba hakuwa mwanafizikia. Makala ilipotoka alikuwa Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, na katika uhifadhi huo ndimo alimofanya kazi. Mimi sioni hasara. Hakuna aliyemdai maisha yake kwa sababu ya swali lake.

Karatasi ziko mezani. Kabla ya chai, kila mmoja aandike swali la mwisho la kijana alilolikata katikati. Jina la kijana msiandike. Langu la betri nimeshaliandika. Na zile betri mbili mnazoziona dirishani zimekufa tangu juzi, nimezianika tangu saa mbili asubuhi. Tochi ninayo hapa. Tukirudi kutoka kunywa chai, tutaiwasha.